Damu Haikutosha

Nyangate alifungua friji ya damu saa moja na robo asubuhi, akakuta rafu ya juu iko wazi. Aliinama akaangalia ya chini. Kulikuwa na vichupa vya chanjo, nusu ya limau la Sista Syprose, na barafu iliyoganda ukutani. Alifunga mlango, akasimama kidogo, akaufungua tena.

Chupa tatu za damu hazikuwapo.

Jioni iliyotangulia alikuwa amezipanga pale kwa mikono yake mwenyewe. Moja ilikuwa ya Ratemo, mdogo wake. Mbili zilikuwa za wana wa baba yao mkubwa. Haikuwa kazi rahisi kuzipata. Alikuwa amepanda kilima cha Ikonge siku mbili mfululizo, akaketi katika kila nyumba ya ukoo, akanywa chai ya kila nyumba, akieleza kwamba damu ikitolewa mwili huitengeneza nyingine. Walimsikiliza kwa adabu wakitazama miguu yao. Mmoja aliuliza kama mtu akishatoa anaweza kuzaa tena. Mwingine alisema amesikia kwamba mzungu wa zamani alikuwa akizinywa. Ratemo ndiye aliyechoka na maneno.

"Kama ni za Nyamoita," alisema, "nitoeni mimi kwanza, muone kama nitakufa."

Alilala kwenye benchi la wodi akiwa ameugeuza uso ukutani, na hakutikisika mpaka chupa ilipojaa. Kisha alikunywa chai yenye sukari nyingi, akacheka mwenyewe kwa kuwa bado yu hai, akarudi nyumbani kwa miguu maili tisa, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka majani ya chai kituoni.

Nyamoita alikuwa dada yao. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mjane, na watoto wawili, na kishamba cha chai kisichotosha hata kumchosha mtu siku nzima. Uvimbe ulimwanzia juu ya kitovu, chini ya mbavu, mgumu kama ngumi. Kufikia mwisho wa mwaka wa sabini na mbili haukufichika tena chini ya leso. Wanawake wa kanisani wakaanza kuhesabu miezi. Mume alikuwa amezikwa mwaka wa tatu sasa. Wazee wa kanisa walimwita, wakamwuliza jina la mwanamume, na alipokosa jina la kuwapa wakamwondoa kwenye kwaya. Sabato zilizofuata aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, akiimba sauti yake ya pili peke yake, polepole. Miezi tisa ikapita, ikapita kumi na miwili. Mtoto hakuja. Wala hakuna mzee aliyerudi kumwomba radhi.

"Mkilitoa dude hili," alimwambia Nyangate siku alipolazwa, "litieni kwenye chombo nilipeleke kanisani. Nitawawekea mezani niwaambie, haya, mtoto wenu huyu hapa, mpeni jina."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nyangate naye alicheka, ingawa aliona jinsi mifupa ya mabega ya dada yake ilivyochomoza chini ya gauni la hospitali.

Hospitali ya Riangeri ilikuwa na wodi mbili na chumba kimoja cha upasuaji, juu ya kilima, mwendo wa saa moja kutoka Kebirigo. Nyangate alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa. Alianza kwa kufagia, wakati wa mkoloni. Akapanda akawa mwosha vifaa. Siku moja daktari aliyekuwapo alikosa msaidizi, akamtupia glavu, na tangu siku hiyo hakuzivua. Cheti hakuwa nacho. Lakini madaktari waliokuja na kuondoka walijua kwamba ukinyoosha mkono bila kusema, Nyangate anakupa kile unachokitaka.

Daktari Odero alikuwa amekuja miezi minane iliyopita kutoka upande wa ziwani. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye tabia ya kuongea peke yake akinawa mikono. Alimpima Nyamoita kwa muda mrefu, akipapasa, akigonga kwa vidole, akimwambia avute pumzi, aachie.

"Uko kwenye ini," alimwambia Nyangate nje ya wodi. "Upande wa kushoto. Ungekuwa kulia ningekuambia mpeleke nyumbani akakae na watoto wake. Kushoto kunakatika."

"Na damu, daktari? Ini si mchezo."

"Hapo ndipo penye kazi."

Kesho yake alirudi kutoka buchari ya Kebirigo na ini zima la ng'ombe ndani ya gazeti. Aliliweka kwenye meza ya chumba cha kuoshea vifaa, akamwita Nyangate, akamwita na Alfayo, msaidizi wa pili.

"Nyama hii ni laini," alisema. "Ukiikata kwa kisu tu, damu haitoki mahali pamoja ukapaziba. Inatoka kote, kama sifongo inayokamuliwa. Na ukifunga uzi kwa nguvu, uzi unaikata. Kwa hiyo tunafunga bomba kabla hatujagusa ukuta." Aliligeuza ini akawaonyesha shina la mishipa chini yake. "Karibu damu yote inayoingia inapita hapa. Kwa mtu, nyuma ya shina hili kuna upenyo. Kidole kimoja kinapita nyuma, kidole gumba kinakaa mbele, unabana. Sisi tuna lile koleo laini, litabana badala ya vidole. Alfayo atalishika, wewe Nyangate utanipa uzi. Dakika kumi na tano, si zaidi, maana ini likikosa damu nalo linakufa. Unaachia dakika tano. Halafu unabana tena."

Alichukua sindano butu, nene, akapitisha uzi mzito kwenye nyama kwa mishono mikubwa, kila mshono ukipanda juu ya mwenzake, mstari mzima. Pembeni ya mstari huo akaweka kisu chini, akaibana nyama kati ya vidole vyake. Ilimeguka kama ugali uliopoa. Mishipa ikabaki imenyooka katikati, myeupe, kama nyuzi.

"Mnaona? Nyama inakubali kuvunjika. Mshipa haukubali. Unaufunga huku na huku, ndipo unaukata. Mmoja mmoja. Hakuna haraka. Mwisho tunafunika kidonda kwa lile pazia la mafuta ya tumboni, tunalishona juu yake."

"Tukifanya vizuri hivi," Nyangate aliuliza, "atapoteza kiasi gani?"

"Vizuri sana? Chupa mbili. Ndiyo maana nataka tatu."

"Na kama hatuna?"

Odero alikuwa akifuta vidole. "Basi hatuanzi."

Jioni hiyo Sista Syprose alilikaanga ini lile kwa vitunguu. Wote walikula isipokuwa Nyangate.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya rafu tupu. Alfajiri ya siku hiyo Nyamoita alikuwa amepiga ukelele mmoja, akasema kitu kimechanika ndani, na kulipopambazuka ndani ya kope zake palikuwa pamekuwa peupe. Odero alimgusa tumbo, akainua uso. "Uvimbe umeanza kuvuja. Hatungojei Alhamisi. Tunaingia saa mbili. Lete damu."

Nyangate alimkuta Syprose akipasha moto mashine ya etha, ile dawa ya usingizi.

"Sista, chupa zangu ziko wapi?"

Syprose hakugeuka. "Zimekwenda."

"Zimekwenda wapi?"

"Daktari mkubwa alipita na Landrova kulipokucha. Mheshimiwa Ombui anapasuliwa leo kule mjini, kwenye kliniki ya daktari mwenyewe. Ile ngiri yake."

"Ngiri haitaki damu."

"Amesema ni ya tahadhari. Amechukua pia seti ya vifaa, na Alfayo amekwenda kumsaidia."

"Na koleo laini?"

"Limo katika seti." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimwambia damu zile zina mwenyewe. Aliniuliza kama ni mimi niliyemwajiri yeye au ni yeye aliyeniajiri mimi."

Simu ilikuwa ofisini. Odero aliizungusha mara tatu kabla ya kupata mjini. Nyangate alisimama mlangoni. Sauti ya Daktari Mogaka, msimamizi wa hospitali, ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilitoka kwenye chombo na kumfikia.

"Ahirisha," sauti ilisema.

"Haiahirishiki, daktari. Anavuja tumboni. Naomba tu Landrova izirudishe. Ni saa moja barabarani."

"Kijana, sikiliza. Mheshimiwa ni mwenyekiti wa bodi. Yeye akipata shida hapa, mimi na wewe hatuna hospitali. Unaelewa?"

"Ngiri, daktari. Ni ngiri."

"Na huyo wako ni nani?"

Odero alimtazama Nyangate, kisha akatazama ukuta. "Ni mgonjwa."

"Basi ni mgonjwa. Tukimaliza jioni nitawarudishia."

Simu ilikatwa. Odero aliendelea kuishika sikioni.

Walipima kila aliyekuwa karibu. Damu ya Nyangate ilikuwa imekwisha kupimwa wiki iliyopita, haikuwa aina ya dada yake. Ya Syprose haikufaa, wala ya Odero, wala ya mlinzi wa lango. Ya mpishi ilifaa. Walipomfuata na sindano walikuta sufuria ya uji inachemka peke yake na mlango wa nyuma uko wazi. Ikonge ilikuwa maili tisa, na gari pekee la hospitali lilikuwa mjini.

"Nikingoja atakufa leo," Odero alisema. "Nikiingia huenda akafa leo. Wewe ni ndugu yake. Sema."

Nyangate alitaka kusema kwamba yeye ni mfagiaji aliyepewa glavu, kwamba maneno kama hayo husemwa na watu waliosoma. "Ingia," alisema.

Walimsukuma Nyamoita kwenye kitanda chenye gurudumu bovu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa macho yale yale.

"Mbona umekaa hivyo?" alimwuliza Nyangate.

"Nimekaa vipi?"

"Kama siku ile ng'ombe wetu alipokufa, ukaniambia amelala."

"Usiongee sana."

"Damu ziko?"

Kulikuwa na hatua kama kumi hivi kufika mlangoni. Nyangate alizihesabu zote.

"Ziko," alisema.

"Ya Ratemo pia?"

"Ya Ratemo pia."

"Basi nitaamka mkaidi kama yeye." Alitabasamu, akafumba macho, na Syprose akamwekea kinyago usoni.

Ndani, Odero alisimama na mikono yake imeinuliwa. "Nyangate, sipendi uwe wewe. Ni dada yako."

"Alfayo hayupo."

"Najua."

"Basi nani?"

Odero alikata. Tumbo lilipofunguka, damu nyeusi ilipanda ikafurika kwenye vitambaa, na Nyangate akaisikia ikidondoka kwenye viatu vyake vya mpira. Waliikamua, wakaifuta, wakaweka vitambaa vyenye maji moto. Ndipo ini likaonekana, na juu yake uvimbe, wa manjano na kijivu, umepasuka upande mmoja.

"Kidole nyuma, gumba mbele," Odero alisema.

Nyangate alipitisha kidole. Upenyo ulikuwa pale, palepale ambapo ng'ombe hakuweza kumwonyesha. Kati ya vidole vyake viwili alihisi mapigo ya moyo wa dada yake, ya haraka, madogo, kama ya kifaranga. Alibana. Mapigo yakaisha chini ya kidole. Ini likaanza kupoteza wekundu wake, likageuka rangi ya udongo, na pale palipokuwa panavuja pakakauka.

"Mungu wangu," Odero alinong'ona. "Shika hapo hapo. Sista, saa."

"Saa mbili na dakika ishirini na mbili."

Sindano butu ilipita mara ya kwanza, mara ya pili. Mishono ilipandana. Odero hakuongea peke yake siku hiyo. Vidole vya Nyangate vilianza kuwaka moto, kisha vikafa ganzi, kisha vikawaka tena. Aliyakaza macho yake kwenye kitovu cha Nyamoita kwa sababu hakutaka kutazama uso.

"Dakika kumi na tano," Syprose alisema.

"Achia."

Damu ilirudi, ini likapata uhai, na kwenye mstari wa mishono ikachuruzika kidogo. Odero alikandamiza kwa vitambaa. Maji ya chumvi yaliingia mkononi mwa Nyamoita kutoka chupa ya pili. Hakuna kingine kilichoingia.

"Bana tena."

Mara hii Odero aliivunja nyama kwa vidole, na mishipa ikajitokeza kama alivyosema, mmoja mmoja. Alifunga, akafunga, akakata. Alifunga, akafunga, akakata. Uvimbe ulianza kuning'inia, ukabaki umeshikwa na kipande kidogo kwa nyuma, na hapo, juu kabisa, mshipa mmoja ulichanika. Ulikuwa wa damu inayotoka kwenye ini kurudi moyoni, nao haupiti kwenye shina. Vidole vya Nyangate vilibana kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na havikusaidia kitu. Shimo lilijaa.

"Siachii!" alisema kwa sauti kubwa. "Daktari, sijaachia!"

"Si wewe. Si wewe, Nyangate. Kitambaa. Kingine."

Odero aliingiza kidole chake kwenye chanzo, damu ikatulia. Akaomba uzi mwembamba. Alishona akiwa hapumui, mshono mmoja, wa pili, akatoa kidole polepole. Mshono ulishika. Uvimbe ukatoka, akauweka kwenye beseni. Alivuta lile pazia la mafuta, akalifunika juu ya kidonda, akalishona pembeni.

"Achia," alisema.

Nyangate aliachia, lakini vidole vyake havikufunguka. Ilibidi avitoe vikiwa vimekunjwa.

Walitazama. Dakika moja ikapita, mbili. Kitambaa cheupe kilichowekwa juu ya mkato kilibaki cheupe. Hakuna mahali palipovuja. Odero alikikunjua mara mbili akihakikisha, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa ya mtu aliyeona jambo alilolisoma kwenye vitabu likitokea mikononi mwake.

"Daktari," Syprose alisema. "Presha siipati."

"Ongeza maji."

"Nimeongeza. Ni maji tu, daktari. Ndani kumebaki maji tu."

Odero aliweka mkono juu ya moyo kupitia kifua, akasukuma, akasukuma. Moyo ulifanya kazi yake kidogo, bila kitu cha kusukuma. Saa nne kasorobo ulikoma. Jeraha lilikuwa safi, limeshonwa vizuri, limekauka.

Nyangate ndiye aliyemfunga tumbo, kwa kuwa Odero alikuwa ameketi sakafuni. Alimshona kwa mishono midogo midogo, kama ya nguo.

Landrova ilirudi saa saba. Daktari Mogaka alishuka akiwa amevua tai, mchangamfu, akiimbaimba. Dereva alifuata na katoni. Ndani yake, kati ya magazeti, zilikuwamo chupa tatu, zimejaa, vifuniko havijaguswa. Zilikuwa zimekaa nyuma ya kiti cha dereva tangu asubuhi, juani.

"Mheshimiwa hakuzihitaji," Mogaka alisema. "Dakika arobaini tu. Saa hizi anakunywa supu." Alitazama nyuso zao. "Nini?"

Waliitwa ofisini. Kitabu cha upasuaji kilikuwa wazi mezani, na katika mwandiko wa Odero, penye safu ya damu, palikuwa pameandikwa: Hakuna. Zilichukuliwa.

"Hii ni lugha gani?" Mogaka aliuliza.

"Ni ukweli," Odero alisema.

"Ukweli." Mogaka alifunga mlango kwa upole. "Daktari Odero, wewe ni mtu wa ziwani. Umempasua mama Mgusii bila damu, ukijua huna damu, naye amekufa mikononi mwako. Mimi nikiwaeleza watu wa Ikonge hivyo, kwa lugha yao, unadhani utafika kwenu na miguu yote miwili?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Odero. Aliiweka juu ya kitabu kwa uangalifu, kama kifaa cha upasuaji, akatoka. Hatua zake zilisikika mpaka mwisho wa veranda.

Mogaka aliichukua kalamu akamgeukia Nyangate, na sasa aliongea Ekegusii, taratibu, kama mtu wa nyumbani.

"Pole sana, ndugu yangu. Ufunguo wa friji hukaa na nani?"

"Na mimi, daktari."

"Na nani mwingine?"

"Na wewe. Ule wa pili."

"Wa pili haumo kwenye orodha ya vifaa. Angalia. Ufunguo ni mmoja, nao umesainiwa na wewe." Aligonga orodha kwa kalamu. "Damu za ndugu zako, ufunguo wako, vidole vyako ndani ya tumbo. Halafu chupa hazionekani. Nani ataulizwa? Una miaka mingapi hapa?"

"Kumi na tisa."

"Bila cheti. Nimekutetea mara ngapi pale wizarani? Na wale watoto wa marehemu, sasa ni wako." Alisukuma kitabu. "Andika: damu, chupa tatu, zimetumika. Wewe ndiye uliyekuwa ndani. Mimi sikuwapo."

Nyangate alikuwa amejifunza kuandika akiwa mtu mzima, katika madarasa ya ngumbaru, na herufi zake zilikuwa kubwa, za duara. Alikata maneno ya Odero kwa mstari mmoja. Aliandika alichoambiwa. Vidole vilikuwa bado vimekakamaa, na neno la mwisho lilitoka nje ya safu.

"Na zile zilizorudi?" aliuliza.

"Zimepata joto. Mwaga."

Alizimwaga kwenye sinki la chumba cha kuoshea vifaa, akifungulia bomba. Zilikuwa vuguvugu. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyofikiri.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza walipofika wa nyumbani. Ratemo alikuwa mbele, na mama yao nyuma yake, akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akitembea bila kuushika. Walikuwa wametoka saa sita, baada ya kupeleka majani kituoni. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Sabato. Walimwona Nyangate amesimama chini ya paa, na kabla hajafungua kinywa mama aliutua mkungu chini, akaketi kando yake kwenye saruji, akavuta leso juu ya uso. Hakupiga mayowe. Sauti iliyotoka chini ya leso ilikuwa nyembamba, ya mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

Ratemo alisimama kwenye mvua. Alitazama mkono wake wa kushoto, pale ndani ya kiwiko penye doa la bluu.

"Damu yetu," alisema. "Haikutosha?"

Nyangate alimtazama mdogo wake. Nyuma yake, dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na ndani mtu alikuwa akikoroga chai.

"Haikutosha," alisema.

"Ilipungua sana?"

"Ilipungua."

Ratemo alitikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeambiwa kosa lake. "Yule sista alisema kila mtu chupa moja. Mimi ningetoa mbili. Mbona hukuniambia nitoe mbili, kaka? Ningelala hapa hapa." Alilifunika doa kwa kiganja. "Nilirudi kuchuma chai. Mimi nilikuwa nachuma chai."

"Ratemo."

"Usinifariji."

Alikwenda akachuchumaa mbele ya mama yao, akamweleza kwa Ekegusii kwamba madaktari walijitahidi, kwamba damu waliyoleta wao watoto wake ndiyo iliyokuwa chache, na kwamba asimlaumu mtu. Mama alisikiliza. Baada ya muda alijifuta, akainuka kwa kushika ukuta, akamwuliza Nyangate daktari yuko wapi.

"Mama, keti."

"Nimekuja na ndizi zake. Siwezi kuzirudisha nyumbani pamoja na maiti."

Daktari Mogaka alikuwa ametoka tayari, mwavuli mkononi. Aliukunja, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili. "Pole, mama. Tulifanya yote tuliyoweza." Mama aliinama, akamshukuru. Akasema Mungu amlipe kwa kuhangaika na mtoto wake. Ratemo naye alimpa mkono. Dereva aliubeba mkungu, akauweka nyuma ya Landrova, juu ya gunia ili usichubuke.

Nyangate aliomba gari la kumpeleka marehemu. Mogaka alisema kwa masikitiko kwamba mafuta ni ya kazi za serikali tu.

Walimfunga kwenye blanketi la hospitali, wakamlaza juu ya machela ya zamani ambayo Syprose aliitoa stoo bila kumwuliza mtu. Wanaume wanne walibeba: Nyangate, Ratemo, mlinzi wa lango, na mpita njia mmoja kutoka Nyaramba aliyekuwa akielekea upande huo. Mama alitembea mbele na viatu mkononi. Barabara ya udongo ilikuwa imegeuka utelezi, na kila baada ya hatua chache iliwalazimu kusimama, mmoja wao avute mguu uliozama. Nyangate alishika upande wa kichwa. Ratemo, aliyekuwa upande wa pili wa kichwa hicho hicho, alimwuliza mara mbili kama amechoka.

Walikuwa wamevuka mto waliposikia mlio wa injini nyuma yao, kisha honi, ndefu, mara mbili. Barabara ilikuwa nyembamba. Walishuka kando, wakasimama katikati ya michai iliyolowa, machela imeinuliwa juu ya mabega ili isiguse matawi. Landrova ilipita karibu, ikawarushia matope mpaka kiunoni. Nyuma yake, chini ya turubai, mkungu wa ndizi ulikuwa ukitikisika.

Ratemo aliuinua ule mkono wake uliokuwa huru, akampungia dereva.